Asilimia 50 si nusu ya mwanga: dhana potofu kuhusu taa zinazopunguzwa kwa simu

Hapa Lubumbashi, mteja akinipigia kuhusu taa za nyumba janja, maneno huwa karibu yale yale: "Fundi, nimeweka ishirini, lakini salon inawaka kama saa sita ya mchana." Kabla sijafika, jirani ameshamshauri anunue dima nyingine, yaani kifaa cha kupunguza mwanga. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi dima ile ni nzima kabisa.

Dhana: ukiandika 50 kwenye programu, mwanga unabaki nusu.

Namba hiyo ni amri, si kipimo. Zigbee na Z-Wave ni njia mbili za vifaa vya nyumba janja kuwasiliana bila waya: vya Zigbee huhesabu ngazi kutoka 0 hadi 254, vya Z-Wave kutoka 0 hadi 99, na programu inageuza huku na huku. Ndiyo maana unaandika 50, halafu inakurudishia 49 au 51. Hapo hakuna kilichoharibika.

Amri ikishafika, dima ya ukutani hukata kipande cha kila wimbi la umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kila nusu ya wimbi hudumu milisekunde 10. Dima ikichelewa kuwasha kwa milisekunde 2.5, yaani robo nzima ya muda, ampuli ya zamani ya uzi bado inapata takriban asilimia 91 ya nguvu. Ikichelewa milisekunde 7.5, zinabaki takriban 9. Mabadiliko makubwa yote yamejazana katikati.

Na jicho lina hesabu yake. Mwanga ukishuka hadi kama asilimia 18 ya ule wa mwanzo, ndipo jicho linasema "huu ni nusu". Mtengenezaji mmoja hupanga namba zake kwa kufuata nguvu ya umeme, mwingine kwa kufuata jicho. Taa mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana waziwazi, na zote zikawa sawa.

Dhana: taa ikianza kupepesa au kuzimika ghafla ukishusha chini, dima imekufa.

Mtaa wa Golf, mama mmoja alikuwa na ampuli sita za LED juu ya meza ya kulia, kila moja wati 5. Jumla wati 30. Nilifungua kifuniko cha ukutani nikasoma lebo ya dima: wati 40 hadi 400. Mzigo ulikuwa mdogo mno kwa dima ile.

Nikamuuliza, "Mama, hakuna ampuli ya zamani humu nyumbani?" Akafikiri kidogo, akaenda kuitoa kwenye sanduku la vifaranga, ya wati 60, bado ina joto. Nikazima umeme, nikatoa LED moja, nikafunga ile ya vifaranga mahali pake. Alishusha kwa simu yake mwenyewe, polepole, kutoka 100 kwenda chini. Taa zote sita zilishuka pamoja bila kutikisika. Akanyamaza, akapandisha, akashusha tena.

Dawa yake ilikuwa kifaa kidogo cha kuongeza mzigo, kinachofungwa kwenye nyaya za taa. Wengine hubadilisha na kuweka dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Njia zote mbili zinafaa.

Dhana: kila LED inapunguzika. Hapana. Boksi lazima liseme kwamba inakubali dima. Na ampuli janja, inayojipunguza yenyewe, usiifunge kamwe kwenye dima ya ukutani.

Dhana: delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haihusiki.

Inahusika sana. Dima inahesabu kuanzia pale umeme unapopita kwenye sifuri, mara 100 kwa sekunde. Umeme ukikatika, watu huwasha inveta ya betri au grupu (jenereta). Inveta ya bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na grupu hubadilisha mwendo kila friji inapowaka. Dima inapoteza hesabu, mwanga unarukaruka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu huwa: inatokea hata umeme wa kawaida wa mtaa ukiwepo? Volti nazo zikishuka kwa asilimia 10 jioni, ampuli ya uzi hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake, wakati LED nzuri haitambui chochote. Ukizichanganya kwenye taa moja, utadhani mitambo imerogwa.

Kabla ya kununua chochote, subiri usiku, funga mapazia, laza simu mezani na programu ya kupima mwanga. Soma kwenye 100, 50 na 20 bila kuisogeza simu. Usijali kama lux zake, yaani namba za mwanga, si sahihi kabisa. Unachotafuta ni uwiano. Kisha ingia kwenye mipangilio ya dima, utafute kiwango cha chini, yaani ngazi ambayo dima haitashuka zaidi ya hapo.

Kwa yule mama nilikiweka kwenye 12, kwa sababu chini ya hapo LED zake zilizimika. Sasa programu ikisoma 1, dima inabaki kwenye hiyo 12, meza inapata mwanga wa mshumaa, na ampuli ya wati 60 ilirudi kwa vifaranga kabla ya baridi ya jioni.