Biblia Imebaki, Kitabu cha Shule Kimekwenda Wapi?

Ukimtaja Johannes Gutenberg, mchapaji wa Kijerumani wa karne ya 15, popote pale, utajibiwa neno moja: Biblia. Sina ugomvi na jibu hilo. Biblia yake ya Kilatini, yenye mistari 42 kwa ukurasa, iliyokamilika mjini Mainz karibu mwaka 1455, ni kazi ambayo wachapaji wa leo wakiiona hunyamaza kwanza. Zilichapwa nakala zipatazo 180, na hadi leo zipo 49 hivi, baadhi zikiwa pungufu. Zaidi ya robo imevuka moto, vita, panya na unyevu wa karne tano na nusu. Hiyo ni bahati ya mtende.

Lakini mimi kazi yangu ni kuorodhesha vitabu vya zamani vya Ulaya, na bahati hiyo ina kasoro inayonikera kila siku. Imetufanya tuamini kwamba mtambo wa chapa ulizaliwa ili kuchapa vitabu vikubwa vya heshima. Ukifuata hela, hadithi ni nyingine kabisa.

Mwaka 1450 Gutenberg alikopa gulden 800, sarafu za dhahabu za wakati huo, kwa tajiri Johann Fust, na mwaka 1452 akapokea 800 nyingine. Fedha hizo ziliingia kwenye karatasi, ngozi za ndama, wino wa mafuta, mishahara, na zaidi ya yote kwenye herufi. Kila herufi ilibidi ichongwe kwanza kwenye ncha ya chuma, ipigwe muhuri kwenye shaba ili pabaki shimo lenye umbo lake, kisha mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni umiminwe humo, tena na tena. Kwa Biblia peke yake kulikuwa na alama karibu 290 tofauti: herufi kubwa, ndogo, zilizounganishwa, na vifupisho vya Kilatini vya kila namna. Mtaji wote huo ulilala karakana kwa miaka kabla nakala moja haijapata mnunuzi. Novemba 1455 mambo yalikuwa yameshafika kwenye sheria, Fust akidai gulden 2,026 pamoja na riba. Hati ya mthibitishaji wa kesi hiyo bado ipo, imehifadhiwa Göttingen, na karakana iliishia mikononi mwa Fust na Peter Schöffer, fundi aliyekuwa amefanya kazi humo.

Mtu mwenye deni la namna hiyo hula nini wakati kazi kubwa haijaisha? Anachapa vitu vidogo.

Mfano mzuri ni barua za rehema, hati za Kanisa Katoliki za kumwondolea mtu adhabu ya dhambi zake. Mwaka 1451 Papa Nikolao V aliruhusu waamini wapewe rehema wakichangia ulinzi wa Saiprasi dhidi ya Waturuki. Kila aliyechanga alipewa hati. Hiyo hati ni fomu tu, kama fomu yoyote unayoijua: imechapwa upande mmoja, maneno yote yapo tayari, na zimeachwa nafasi za jina, mahali na tarehe ili karani ajaze kwa mkono. Ya zamani zaidi iliyojazwa tarehe inatoka Erfurt, 22 Oktoba 1454. Biblia ilikuwa bado haijatoka. Uingereza nayo mambo yalianza vivyo hivyo: William Caxton aliweka mtambo wake Westminster mwaka 1476, na kazi iliyochapwa Uingereza yenye tarehe ya zamani kuliko zote ni barua ya rehema ya 13 Desemba mwaka huo.

Hesabu za barua hizi zinashangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1490 mchapaji Johann Luschner alipiga chapa za aina hii zaidi ya laki moja kwa ajili ya abasia (nyumba ya watawa) ya Montserrat, karibu na Barcelona. Laki moja! Wakati huo toleo la kitabu la nakala 1,000 lilihesabiwa kuwa kubwa. Hati hizo zingekuwa zimebaki kwa kiwango cha Biblia ya Gutenberg, tungekuwa nazo za kufunikia kuta. Zilizopo zinahesabika. Mwenye hati akishakufa, hati haina kazi. (Biashara hiyohiyo ya rehema ndiyo iliyomchokoza Martin Luther mwaka 1517, naye akajibu kwa mtambo uleule. Hilo linastahili makala yake.)

Kitabu cha shule kilikuwa na bahati mbaya zaidi. Katika Ulaya ya wakati huo mtoto aliyeanza Kilatini alianza na Donatus, sarufi fupi iliyoandikwa Roma katika karne ya 4, maswali na majibu katika kurasa zipatazo 28. Karakana za Mainz ziliichapa toleo baada ya toleo, mara nyingi kwenye ngozi badala ya karatasi kwa sababu wachapaji walijua mikono ya watoto ilivyo. Haikusaidia. Katika matoleo yale ya mwanzo kabisa hakuna hata nakala moja iliyotufikia nzima. Tunachokishika ni vipande, na vipande hivyo vimebaki kwa kazi ambayo mchapaji hakuikusudia.

Ni kama daftari la mwanafunzi linaloishia kwa muuza karanga. Likishajaa, thamani ya maandishi imekwisha, lakini karatasi bado ni karatasi. Ulaya, aliyesubiri daftari hilo alikuwa mjalidi, yaani fundi wa kutia vitabu majalada. Mjalidi alihitaji utepe mgumu wa kuimarisha mgongo wa kitabu pale nyuzi zilipopita, alihitaji ukurasa wa kuficha ndani ya jalada, na badala ya mbao alihitaji ubao wa karatasi, ambao aliutengeneza kwa kugandisha karatasi nyingi kwa gundi. Ngozi mpya ni ghali. Ngozi kuukuu yenye maandishi ni imara vilevile na bei yake ni ya kutupa. Kwa hiyo Donatus alikatwa vipande vyembamba na kushonewa ndani ya migongo ya vitabu vya watu wengine. Biblia ya Gutenberg yenyewe haikupona: zipo kurasa zake za ngozi zilizopatikana zikiwa zimefunika madaftari ya hesabu.

Ndiyo maana ninapopewa kitabu cha karne ya 15 au 16 sianzi na ukurasa wa kwanza. Naanza na pale kilipochanika. Ukilaza mwanga wa tochi pembeni ya mgongo uliofunguka kidogo, wakati mwingine unaona utepe wa rangi ya manjano wenye nusu za herufi nyeusi, zimekaa kichwa chini, mstari umekatwa katikati kwa urefu. Unapiga picha, unaigeuza, unasoma silabi mbili tatu, kisha unazilinganisha umbo kwa umbo na herufi zinazojulikana za karakana fulani. Kazi ni ya polepole na shingo huuma, lakini sijui raha nyingine inayoishinda.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha William Blades, mchapaji wa London wa karne ya 19 aliyemchunguza Caxton maisha yake yote. Alikwenda kwenye maktaba ya shule ya zamani ya St Albans, akavuta kitabu kilicholala juu ya vingine. Kilikuwa kimefunikwa na vumbi lenye unyevu, mgongo umeoza kwa maji, na alipokifungua uozo mweupe ulidondoka sakafuni kwa mabonge. Kilikuwa ni tafsiri ya Kiingereza ya Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, iliyochapwa na Caxton, ikiwa bado na jalada la karakana ya Caxton mwenyewe. Hilo lingetosha kumfurahisha mtu mwaka mzima. Lakini mbao za jalada zilipobanduliwa, zilikuwa ni karatasi tupu zilizogandishwa, zote za taka ya karakana ileile: nusu-karatasi 56 zilizochapwa, na ndani yake ushahidi wa kazi tatu za Caxton ambazo hakuna aliyejua kwamba ziliwahi kuwepo. Jalada lilikuwa na habari kuliko kitabu.

Marekani nako sura ni ileile. Kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Kiingereza na kubaki ni Zaburi za mwaka 1640, kutoka Cambridge, Massachusetts. Zilichapwa nakala 1,700, zimebaki 11, na moja iliuzwa mwaka 2013 kwa dola milioni 14.2. Watu husema hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotoka kwenye mtambo ule. Sicho. Kabla yake kulikuwa na karatasi moja ya kiapo cha raia huru wa koloni, na kalenda ya mwaka 1639. Vyote viwili vimepotea, hakuna nakala hata moja.

Pengo hilo lilimvutia Mark Hofmann wa Utah. Mwaka 1985 alijitokeza na karatasi ya kiapo hicho na kutaka dola milioni moja na nusu. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe: alipata karatasi ya enzi ile, akachongesha bamba la kuchapia, na akachoma karatasi kuukuu ili masizi ya wino wake yawe na umri unaofaa iwapo ungepimwa. Wataalamu wa mwanzo hawakuona la kuikatalia. Udanganyifu wake ulifichuka baada ya mabomu yake kuua watu wawili mjini Salt Lake City, na mwaka 1987 akakiri kosa. Angeghushi kitabu kikubwa, zingekuwepo nakala nyingine za kulinganisha. Kwenye karatasi ndogo iliyopotea yote, hakuna cha kulinganisha nacho.

Sikusudii kusema kwamba hakuna aliyejali vitu vidogo. George Thomason, muuza vitabu wa London, alikusanya kuanzia mwaka 1640 hadi 1661 karibu kila kijikaratasi kilichochapwa mjini, wakati wabunge na mfalme wakipigana: hotuba, matusi, habari za vita, mahubiri. Vilifika takriban 22,000, na vingi aliviandika kwa mkono tarehe alivyovipata. Kijitabu cha mshairi John Milton cha mwaka 1644 cha kutetea uhuru wa kuchapa kimo, kikiwa na maneno ya Thomason kwamba amepewa na mwandishi mwenyewe. Mkusanyo wote sasa uko Maktaba ya Uingereza. Bila yeye tungeyasoma mapinduzi yale kupitia vitabu vilivyoandikwa baadaye na washindi.

Walioharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni matajiri wapenda vitabu wa karne ya 18 na 19. Walinunua kitabu cha Caxton au cha Schöffer, wakaona jalada chakavu haliendani na rafu zao, wakalitupa na kuweka ngozi nyekundu yenye maua ya dhahabu. Vitabu hivyo vinang'aa hadi leo. Kila tepe na kila ubao wa karatasi uliokuwa ndani ulikwenda jalalani, na hatutajua kamwe ulikuwa na nini.

Siku hizi hatubandui jalada zima ili kupata kipande. Njia mojawapo iliyojaribiwa, hasa Leiden, Uholanzi, ni mionzi ya eksirei inayotambua madini ya wino yaliyofichika chini ya ngozi. Inafanya kazi vizuri kwa maandishi ya mkono ya zama za kati, kwa sababu wino wake ulikuwa na chuma. Wino wa chapa kwa kawaida ni masizi na mafuta, nao mionzi hupita bila kuona kitu. Wino wa Gutenberg ni tofauti, maana umepimwa na kukutwa na shaba na risasi nyingi. Hivyo kipande chake kinaweza kuonekana pale ambapo cha mwenzake hakionekani. Kwa vingine tunabaki na tochi, kioo kidogo cha mkononi, na subira. Ukiwa na kitabu kikuukuu cha Ulaya ulichorithi na mgongo wake umebanduka, usikipake gundi. Kipige picha kwanza, pande zote, hasa ndani ya mgongo, halafu umtafute mkutubi.