Kazi ya kufanyia nyumbani: nani wa Malindi inamfaa?

Msimu wa watalii ukipoa, wengi hutuuliza sisi washauri wa ajira kama kuna kazi ya kufanyia nyumbani. Usianze na cheo, anza na shughuli zenyewe. Hotelini, mpishi, mlinzi na mtandika vitanda lazima wawepo. Anayejibu barua pepe za wageni, kupanga vyumba au kuandika hesabu anaweza kuketi kwake Maweni. Wa risepsheni yuko nusu kwa nusu: simu atapokea popote, funguo hawezi.

Mwaka 2020 watafiti Jonathan Dingel na Brent Neiman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba ni asilimia 37 tu ya kazi za Marekani zinazoweza kufanyika zote nyumbani, na kwamba nchi maskini zina chache zaidi. Kwa hiyo anayekuahidi kazi ya mtandaoni kwa ada ya kujisajili, mkwepe.

Malindi ina mtaji wake, nao ni Kiitaliano. Vijana wengi wamekiokota ufuoni bila darasa. Kenya imeitangulia Italia kwa saa moja au mbili tu kulingana na majira, kwa hiyo kuhudumia wateja wa huko kwa simu hakukukeshi, tofauti na kazi za Marekani. Tafsiri ya maandishi ni jambo jingine; inataka anayekiandika sawasawa.

Halafu kuna mtu mwenyewe. Kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, ilianza jaribio mwaka 2010 na wapokea simu waliojitolea kufanyia kazi nyumbani. Masharti: uwe na miezi sita kazini, intaneti, na chumba chako cha kufanyia kazi. Utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Hata hivyo, waliporuhusiwa kuchagua, karibu nusu walirudi ofisini, wengine kwa upweke.

Kwetu upweke si tatizo kubwa; hodi ndizo tatizo. Ukionekana nyumbani, utatumwa dukani. Mwenye chumba kimoja na watoto watatu, au mgeni wa kazi anayejifunza kwa kuwatazama wenzake, ningemshauri aanzie ofisini. Anayeshika taarifa za pasipoti za wageni naye asitumie simu ya familia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu.

Kabla hujakubali, mwajiri aandike nani analipia bando, na stima ikipotea saa zako zinahesabiwaje.