Baada Yake Nini Kilibadilika? Namna ya Kupima Ushawishi wa Mwanamke

Kila mwaka hutoka orodha za wanawake wenye ushawishi duniani, na kila zinapotoka sisi tunaofanya kazi ya elimu katika makumbusho huulizwa: huyu ameingiaje, na yule mbona hayumo? Huwa tunajibu kwa kuuliza swali jingine. Baada ya mwanamke huyu, ni jambo gani liliwezekana ambalo kabla yake halikuwezekana? Wingi wa mashabiki haujibu swali hilo. Linajibiwa na kanuni zilizofutwa, dawa zilizopatikana na milango ya vyuo iliyofunguliwa kwa wengine.

Michezo inafundisha jambo hili vizuri kuliko nyanja nyingine, maana kanuni zake zimeandikwa na matokeo yake yanapimwa kwa saa. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi mpya ya dunia. Wakimbiaji tisa walianza fainali, na wote tisa walimaliza. Hata hivyo magazeti kadhaa yaliandika kwamba wanawake walizidiwa na kuanguka ovyo uwanjani; mwandishi mmoja alitaja wakimbiaji kumi na mmoja na kudai watano kati yao hawakumaliza. Viongozi wa michezo walizishika habari hizo, na mbio hizo zikaondolewa. Hazikurudi mpaka Roma mwaka 1960. Kwa miaka 32 wasichana waliambiwa kwamba miili yao haiwezi, ilhali karatasi ya matokeo ya siku ileile ilionyesha kwamba imeweza. Hilo linaniumiza kila ninapolifundisha.

Marathoni ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliomba kushiriki marathoni ya Boston, Marekani, akakataliwa kwa barua. Alikwenda hivyohivyo, akajificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia, akajitosa kundi lilipopita, na akamaliza mbele ya wanaume wengi. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, K. V. Switzer, akapewa namba 261. Njiani afisa wa mashindano alimvamia akitaka kumnyang'anya namba ile. Picha ya tukio hilo ilienea duniani, na watu wengi wanamkumbuka kwa picha hiyo tu. Mimi naipa uzito kazi aliyoifanya baadaye: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandaa mbio ndefu za wanawake katika nchi nyingi, ili kamati ya Olimpiki isipate tena kisingizio kwamba hakuna washindani wa kutosha. Boston ilikuwa imeshawakubali wanawake rasmi mwaka 1972. Olimpiki ilifuata mwaka 1984 kule Los Angeles, Joan Benoit wa Marekani akashinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Katika michezo hiyohiyo mita 400 kuruka viunzi kwa wanawake zilikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki, na Nawal El Moutawakel wa Moroko akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kaskazini kutwaa dhahabu. Kabla ya hapo asingeweza kushinda kwa mbio zisizokuwepo.

Katika sayansi ushahidi hujificha zaidi, kwa sababu jina la mtu linaweza kukosekana kabisa kwenye karatasi. Tu Youyou wa China alitafuta tiba ya malaria katika vitabu vya kale vya tiba za asili. Alisoma maelekezo ya tabibu Ge Hong, ya miaka ipatayo 1,600 iliyopita, yaliyosema mmea wa artemisia ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kuuchemsha. Akatambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Ili kuitoa dawa mmeani alitumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 akainywa dawa hiyo yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Makala ya kitaalamu iliyotoka mwaka 1977 haikutaja jina la mtafiti hata mmoja. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84, hana shahada ya uzamivu. Dawa mseto za malaria zinazotumika leo zimejengwa juu ya kazi hiyo.

Jocelyn Bell Burnell aligundua pulsa, yaani nyota zinazozunguka na kutuma mawimbi ya redio kwa mapigo ya kupokezana, mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Cambridge, Uingereza, kwa kukagua mita kwa mita karatasi za darubini ya redio. Nobel ya fizikia ya mwaka 1974 walipewa msimamizi wake na mwanaastronomia mwingine, si yeye. Mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe watafiti wa fizikia kutoka makundi yasiyo na uwakilishi wa kutosha.

Kwenye burudani umaarufu wenyewe unaweza kuwa silaha, ila mwenye nao hulipa. Mwimbaji Miriam Makeba alifutiwa pasipoti mwaka 1960 alipotaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, na serikali ya kwao ikapiga marufuku nyimbo zake. Alirudi nyumbani mwaka 1990.

Katika harakati, kwa kawaida anakumbukwa mtu mmoja na waliomzunguka wanasahauliwa. Rosa Parks, Mmarekani mweusi aliyekamatwa mwaka 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, anajulikana kote, na kwa haki. Lakini Claudette Colvin alikamatwa kwa kosa kama hilo katika mji uleule wa Montgomery miezi tisa kabla yake, akiwa na miaka 15, na alikuwa miongoni mwa wanawake wanne ambao kesi yao ilibatilisha ubaguzi ndani ya mabasi mwaka 1956. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha usiku wa kukamatwa kwa Parks akidurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuhimiza watu wasusie mabasi.

Mwalimu au mzazi anayeandaa somo kuhusu mwanamke yeyote mashuhuri aanze na karatasi za wakati ule: hukumu, hati za ugunduzi, orodha za waliojiandikisha, matokeo ya mbio. Baadaye ndipo asome sifa zake magazetini, na kila jina jingine atakalolikuta kwenye karatasi hizo aliandike pembeni alifuatilie.