Pritesti na postitesti kwenye fizikia ni kitu gani hasa?

Mtoto akipata 70 mtihani wa mwisho tunasema kaelewa, lakini hiyo 70 haikwambii alikuja na ngapi wala kama kaelewa au kakariri fomula. Pritesti na postitesti ndo hivi: unawapa maswali siku ya kwanza kabla hujafundisha chochote, majibu huwapi, halafu mwisho wa kozi unarudia yaleyale uone pengo limezibwa kiasi gani.

Kwenye mekanika, yaani fizikia ya mwendo na fosi, mtihani wa aina hii unaojulikana zaidi ni Force Concept Inventory, ulitoka Marekani 1992, toleo la sasa lina maswali 30 ya kuchagua na hesabu hamna. Utamu wake uko kwenye majibu yasiyo sahihi, maana yametokana na mawazo ya wanafunzi wenyewe. Mimi hapa Tabora nina kaswali kangu ka kuwachokonoa tu: embe umelirusha juu, limeshatoka mkononi, bado linapanda, hewa tuiache, fosi gani zinalivuta au kulisukuma? Ni mvutano wa dunia peke yake, ila wengi wanaongezea fosi ya mkono. Binti mmoja wa fomu faivu akaniuliza, "Madam, kama mkono hausukumi tena mbona bado linapanda?" Nililipenda sana hilo swali, na huyo kwenye fomula ya fosi, F=ma, anakokotoa vizuri kabisa! Tukakaa nalo kipindi kizima, nikawakumbusha treni inavyofunga breki stesheni watu wanavyoyumba kwenda mbele na hakuna aliyewasukuma, yaani kitu kikishakuwa kwenye mwendo kinaendelea chenyewe bila kusukumwa.

Hesabu ya pengo ni rahisi, aliyetoka 40 kwenda 70 alikuwa amebakiza 60 kaziba 30, hiyo ni 0.5, na aliyetoka 80 kwenda 90 naye ni 0.5 vilevile. Mwanafizikia wa Marekani Richard Hake mwaka 1998 alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa kozi 62, madarasa ya kusikiliza tu wastani wa pengo lililozibwa ulikuwa 0.23, ya kujadiliana na kushika vitu kwa mikono 0.48.

Kuwapa mitihani hii mtandaoni kunasaidia sababu inajisahihisha, usiku huohuo unaona kila swali wangapi walienda na jibu lipi. Ila maksi toa kwa kushiriki tu, ukitoa kwa kupatia wataenda kugugo. Na wanaokacha postitesti mara nyingi ndo walioachwa nyuma, kwa hiyo wastani unapendeza kumbe wenye shida hawamo, mimi hao nawafuata mmoja mmoja na karatasi, bando likiwaishia wasipotee kwenye hesabu.