Dhana potofu kuhusu majaribio ya kwanza ya ndege uliyojiundia

Dhana: Injini ikinguruma vizuri chini, angani haitasumbua.

Chini, ndege imekaa karibu usawa na injini inakula mafuta kidogo. Ikipaa, pua huinuka na injini hudai mafuta mengi kuliko wakati wowote. Kwenye mfumo usio na pampu, kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) nayo hupanda kukaribia kimo cha tangi, hivyo msukumo wa mafuta hupungua. Injini inaweza kuzimika hapo hapo, ndege ikiwa haijapata kimo cha kugeukia.

Kwa hiyo pima kabla ya kuruka. Inua pua kufikia pembe kali kabisa ya kupaa, bakiza mafuta kidogo tu tangini, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, kinga chombo, kisha pima kwa saa. Unganisha chombo na ndege kwa waya, maana cheche ya umeme tuli huwasha mvuke wa petroli. Mafuta yanayoshuka kwa uzito wake yafikie asilimia 150 ya yale injini inayokula kwa nguvu kamili; yanayosukumwa na pampu, asilimia 125. Injini inayokula lita 20 kwa saa isiyo na pampu inataka nusu lita kila dakika. Pakipungua, kagua tundu la hewa la tangi, mabaki ya gundi kwenye chujio, na mpira uliojikunja.

Dhana: Anza na mbio kali na viruko vifupi kwenye njia ya kurukia.

Mwendo wa polepole unatosha kukagua breki na usukani. Mbio za kurudiarudia huchemsha breki, na injini mpya inayopozwa kwa hewa hupata joto kupita kiasi kabla ringi za pistoni hazijakaa sawasawa ndani ya silinda. Baya zaidi, ndege nyepesi huinuka rubani asipotarajia. Akishtuka na kukata nguvu, inaanguka kwa kishindo.

Dhana: Abiria atasaidia kusoma vipimo.

Hapana. Rubani peke yake, mpaka majaribio yaishe.

Dhana: Mwendo wa kutua umeandikwa kwenye michoro.

Ndege yako ina uzito wake na kipima mwendo chake, ambacho huenda kinadanganya. Panda angalau mita 1,500 juu ya ardhi, punguza mwendo taratibu, uandike kipimo kinachosomeka mabawa yanapoacha kubeba. Zidisha kwa 1.3: huo ndio mwendo wa kuanzia unapokaribia kutua. Rudia jaribio flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa zimeshushwa, kwa kuwa namba hubadilika.