Alama ni ya nani: aliyeitumia kwanza au aliyetangulia kuiandikisha?

Kuandikisha alama ya biashara ni kuingiza picha au jina la bidhaa yako kwenye daftari la serikali, ili mtu akiiga uwe na pa kumshikia. Kazi iko kwenye swali la nani anastahili kuandikwa. Sheria moja humpa haki aliyeitumia alama sokoni kwanza, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya usajili; nyingine humpa aliyetangulia kufika dirishani. China ya miaka ya mwisho ya utawala wa Qing, ukoo wa wafalme wa nchi hiyo, ndiko ugomvi huu ulikoonekana waziwazi.

Shanghai, mnunuzi wa jora la kitambaa hakuwa na haja ya kusoma Kiingereza. Alitazama lebo: simba, tai au joka, na rangi zake. Wageni waliziita alama hizo "chop", neno lenye asili moja na "chapa" yetu, kwani yote mawili yanarudi kwenye Kihindi. Mwigaji basi hakuhitaji kunakili jina la kampuni. Mnyama yuleyule, kasimama vilevile, rangi zilezile, tayari robota limeuzika.

Kabla ya kuwapo usajili, mgeni aliyeigwa alikwenda kwa balozi wa nchi yake, naye balozi akamwandikia ofisa wa China wa eneo lile atoe tangazo la kukataza. Tangazo liliishia kwenye mipaka ya ofisa huyo; mji wa pili kazi ilianza upya.

Mkataba wa China na Uingereza wa Septemba 5, 1902, kifungu cha 7, uliahidi ofisi za usajili chini ya Forodha. Marekani na Japani zilipata mikataba yao 1903. Mwaka 1904 zikatoka kanuni za majaribio, vifungu 28. Ombi lingepokelewa forodhani Shanghai au Tianjin, kisha lipelekwe Wizara ya Biashara, Beijing. Alama ikikubaliwa ingelindwa miaka 20. (Forodha yenyewe ilisimamiwa na Robert Hart, mtu wa Ireland aliyeajiriwa na serikali ya China.)

Kilichozua kelele ni kanuni ya kumtanguliza mwombaji wa kwanza. Japani iliizoea, kwani sheria yake ilitanguliza usajili tangu 1884. Mwingereza, ambaye kwao matumizi ya zamani yalikuwa na uzito mkubwa, aliona hatari: chapa aliyoijenga miaka 30 ingeweza kuandikishwa asubuhi moja na mtu aliyemtangulia kwenye foleni. Mabalozi wa Ulaya wakapinga, na kanuni zilizotakiwa kuanza Oktoba 1904 zikaahirishwa. Forodha iliendelea kupokea alama na kuziweka kwenye kumbukumbu, ila kumbukumbu hiyo haikuwa na nguvu ya hati. Sheria kamili ya alama ilipatikana 1923, Qing wakiwa wameshaondoka.

Hata hivyo, daftari zuri peke yake lisingetosha, kwa sababu, kwa mikataba ya wakati huo, mgeni wa mataifa hayo hakushtakiwa mbele ya hakimu wa Kichina. Alishtakiwa mbele ya balozi au mahakama ya nchi yake, kwa sheria ya kwao. Chukua Mmarekani anayekuta chapa yake kwenye bidhaa ndani ya duka Shanghai. Mwenye duka akiwa Mchina, kesi ni ya hakimu wa China. Akiwa Mjapani, kesi ni ya balozi wa Japani, na swali la kwanza ni: alama hii imeandikishwa Tokyo? Kama haimo, mshtakiwa hana kosa, hata lebo zikifanana kama mapacha.

Mataifa yakaanza kuzibiana mianya yenyewe kwa yenyewe. Mkataba wa Marekani na Japani wa Mei 19, 1908 ulisema alama ya Mmarekani iliyoandikishwa Japani italindwa dhidi ya Wajapani popote nchini China, na ya Mjapani iliyoandikishwa Marekani vivyo hivyo dhidi ya Wamarekani. Kulinda lebo moja Shanghai kukawa kunaanzia kwenye dirisha la ofisi ya Tokyo.