"Akiolewa Atatulia": Jamani, Hatulii

Wiki hii nimeisikia tena, mama mtu mzima kabisa ananiambia "mwanangu, huyu binti akipata mwanaume wa kumpenda kweli atatulia." Hapana mama yangu. Hatulii, na huyo mwanaume mtamchosha bure.

Nafanya ushauri nasaha hapa Mbeya na hili la mtu asiyejijua, anayebadilika kila akipata mpenzi mpya, naletewa kila mara. Chukua mfano huu, nimeuchanganya kutoka kwa watu kadhaa asijulikane mtu. Binti akiwa na jamaa wa Yanga anavaa kijani, akipata wa Simba jezi nyekundu, wa kwanza mlokole naye kaokoka, wa pili mtu wa bia naye anakunywa. Na haigizi, anafanya kwa moyo wote, hapo ndo watu hawaelewi! Muulize leo tule nini, ndizi au wali, anakutazama usoni kwanza asome wewe unataka nini halafu anajibu "chochote tu". Sasa huyo akipendwa, nani anayapokea hayo mapenzi? Ndani anajua kinachopendwa ni kile alichokivaa, kwa hiyo kila akiambiwa nakupenda hofu inazidi, jamaa akichelewa kujibu meseji usiku hakuna kulala. Raha ya mwanzo ipo, ikipoa anaona kakosea mtu, anaanza kutafuta mwingine.

Mwanasaikolojia Erik Erikson alishaliandika hili mwaka 1950, kwamba kazi ya ujana ni kujua wewe ni nani, ukaribu wa mapenzi unafuata. Mwaka 1966 mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, akaonyesha kwamba kuna anayeonekana katulia kabisa kumbe kabeba tu alichopangiwa na wazazi, hajawahi kukipima mwenyewe.

Ila wanaonikera zaidi ni hawa wa "jitambue kwanza ndo upende". Mtu anajitenga, anashinda na klipu za motisha akisubiri akamilike. Atakamilikia wapi, chumbani? Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana wa kiume wa Kinyakyusa walivyotoka kwa wazazi wakajenga kijiji chao na wenzao wa rika moja. Pale mtu alijijua kwa kula na wenzake, kugombana nao na kupatana tena. Binti wetu anahitaji watu hao, marafiki, dada, hata mchumba, ambao akisema "sitaki" hawamkimbii. Na kubadilika kidogo siyo tatizo, kila mtu kwa bibi anaongea hivi na kazini vile, tatizo ni pale ambapo ukiondoa watu hakuna anayebaki.

Kwa hiyo hata Erikson mwenyewe simkubali moja kwa moja. Mwanasaikolojia Carol Gilligan alimkosoa mwaka 1982 kwamba kwa wanawake utambulisho na ukaribu vinakua pamoja, na huku nawaona kina mama waliojijua wakiwa ndani ya ndoa tena wakasimama imara. Kipi kinatangulia? Kwa kweli nabadilisha mawazo kila nikikaa na mtu mpya.

Mwisho, huyo binti kama anajikata au anaongelea kufa, msimtafutie mchumba wala msimpe jina la ugonjwa mlilolisoma mtandaoni. Mpelekeni kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, mapema, na mmoja wenu aende naye.